Barafu mu Glasi, Ziwa mu Kaye

Kadutu, Bukavu, siku yako ya mwisho ku meza yetu

Nabintu, mwana wani,

Usinicheke juu naandika na kreyo, kalamu ya risasi, kama mutoto wa primaire. Iko na sababu, utaifikia. Tena usiseme Papa ni mutu wa ajabu, tuko nyumba moja, ukuta moja katikati, anaandika barua badala ya kuita. Nakusikia hapo upande ingine unacheka na Maman, munapiga pasi ile robe ya buluu mara ya tatu. Nikikuita nitasema, "Umeisha kufunga valizi?" Utasema, "Ndiyo, Papa." Na basi, maneno imekwisha. Najijua. Mudomo yangu inajua kuuliza juu ya valizi tu.

Ya chumvi, ya chandarua, ya wanaume wa Kisangani wenye kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, Maman yako ameisha kukuambia, na mimi sirudilii. Niko na jambo moja tu. Umefunga na kamba kaye zangu za maji, zile daftari za kupima ziwa, umeziweka chini kabisa ya valizi. Unasema utazionyesha profesa wa chuo kikuu kule, utajifunza kama ziwa yetu iko inapanda ao inashuka. Nabintu, mule mu kaye kuko namba mingi sikuzisoma ku maji. Nilizitunga. Siwezi kukuacha ujenge masomo yako juu ya uongo wangu, hata kama ukiisha kusoma hii utaniona mudogo.

Haya, nimeisha kusema. Tuendelee. Nataka ukumbuke kwanza ilianza namna gani, juu mwanzo wake ni muzuri, na ni wewe ulianza.

Ulikuwa na miaka tisa. Padri alileta mashini ya kuonyesha picha, akatundika shuka nyeupe mu sale ya parokia, akatuonyesha mulima ya barafu inaelea mu bahari. Mulima muzima, na pembeni yake bato kidogo kama sanduku ya kiberiti. Akasema kule mwisho wa dunia kuko barafu mingi sana, na siku ikiyeyuka yote, bahari itapanda na kumeza miji ya pembeni. Watu walifanya alama ya musalaba, wakaimba, wakarudi kwao. Wewe ulinifuata mpaka ku choo. Ulisimama inje, ukaniuliza kupitia mulango: "Papa, itafika kwetu?"

"Niache nimalize!"

"Ukimaliza utaniambia?"

Nilipotoka nilikuambia Bukavu iko juu ya milima, na bahari ikifika huku, hata Noa atakuwa ameisha kuchoka kupiga kasia. Maman alicheka. Wewe hapana. Ukauliza: "Lakini barafu ikiyeyuka mu maji, ni kweli maji inapanda?"

"Kweli kabisa. Hata mutoto anajua."

Nilijibu na sauti yangu ya kazi. Mutaa muzima waliniita Papa wa Maji, mimi mwenye kupima ziwa kila asubuhi kwa ajili ya serikali. Nani mwingine angejua?

Haukutosheka. Siku tatu ulinizungusha: Papa, tutafute barafu. Barafu, sisi! Hatukuwa na frigo, jirani naye hakuwa na frigo. Mwisho nilimuomba tonton yako, mudogo wa Maman, mwenye kutumika mu bar ya hoteli kule chini, akatutilia vipande mu termosi ya chai. Watoto wa mutaa walipanga mustari kuigusa. Mumoja alilia, akasema imemuchoma.

Tukaweka barafu mu glasi ya maji. Ukapiga alama na makaa pale maji ilifika, tukakaa kuangalia. Barafu ikawa ndogo, ikawa kama punje ya hindi, ikaisha. Maji ilibaki palepale ku alama.

"Papa, haipandi."

"Ulipiga alama mubaya."

Tukarudilia. Haikupanda.

"Glasi inavuja," nikasema. Glasi! Inavuja! Meza ilikuwa kavu.

Mara ya tatu jirani walikuwa wameisha kujaa ku mulango, na mumoja akasema polepole: "Papa wa Maji, leo maji imekukatalia." Watu wakacheka. Mimi nikakamata glasi, nikaimwanga mu kiwanja, nikakupigia kelele: "Unataka kunifundisha maji, mimi?"

Haukulia. Mpaka leo inanishangaza. Ulibaki unaangalia fasi maji ilienda.

Kesho yake ukaenda mwenyewe kwa tonton na termosi, miguu mitupu, ukapanda na ile mulima yote mbio. Ukaweka jiwe kubwa mu basini, kichwa ya jiwe inatoka inje ya maji, ukapanga barafu juu yake. Ikayeyuka, ikatelemuka, na maji ya basini ikapita alama. Ukaja ukasimama mbele yangu na heshima yote, mikono nyuma, ukasema: "Papa, ulikuwa na haki. Lakini nusu."

Ukanieleza. Barafu yenye kuelea imeisha kukamata fasi yake mu maji, ikiyeyuka inabaki mu fasi yake ile ile. Yenye kukaa juu ya jiwe haijaingia bado, na hiyo ikiyeyuka njo inaleta maji mupya. "Basi, ile mulima ya Padri haiogopeshi. Yenye kuogopesha ni ile ingali juu ya inchi kavu." Miaka tisa, Nabintu! Mimi nilikuwa nimepima maji mbele haujazaliwa, na sikuwahi kujiuliza ile swali hata siku moja.

Na unakumbuka nilijibu nini? Nilisema, "Kula, ugali inapoa." Ndani nilikuwa nataka kutoka inje niite mutaa wote waje waone mutoto wangu. Lakini baba anamwambia namna gani mutoto wa miaka tisa kama yeye njo alikuwa na haki? Sikujua. Hakuna mutu aliniambia hata mimi, baba yangu alikufa bila kunipa haki hata mara moja, na nilifikiri heshima iko pale. Nalisema leo, nimechelewa sana: ulikuwa na haki. Yote, si nusu.

Kwa sababu ya ile basini, nilikushusha ku eshele mara ya kwanza. Nilikuwa nasikia haya, na sikuwa na kitu ingine ya kukupa. Unaijua vile mimi naijua, ile kibao nyeupe na mistari nyeusi, imesimama mu maji karibu na fasi Ruzizi inatoka mu ziwa. Nilikufundisha kuchutama, kuacha mawimbi tatu ipite, kisha kusoma pale maji inapumua katikati, si juu, si chini. Ulisoma. Nikasoma nyuma yako. Tulipata namba moja, na ulicheka mpaka wavuvi wakageuka.

"Na hii maji inaenda wapi?"

Hiyo nilijua. Nikakuambia inashuka na Ruzizi, inapita Luvungi mu mashamba, inaingia Tanganyika, inatoka na Lukuga, inafika mu muto mukubwa, na muto unaenda mpaka bahari. Ukasema: "Basi na ziwa yetu iko mu ile bahari ya Padri." Nilikuwa napima ile maji kila siku kama mutu wa kuhesabu mbuzi, na wewe uliona dunia nzima mule ndani.

Toka siku ile ulianza kunakili namba zangu. Karatasi ya miraba, nukta, na mustari wa kuunganisha nukta. Ulitundika juu ya kitanda, fasi wasichana wengine walitundika picha za waimbaji. Shangazi yako wa Nyantende alipokuja aliuliza hiyo ni ramani ya wapi. Nikamwambia ni ziwa. Ni yeye huyu mwaka huu alisema, "Mutoto mwanamuke anaenda Kisangani kujifunza maji? Maji si anateka kila siku?" Na mimi nikamjibu: "Dada, wewe umeteka miaka hamusini, umejua nini?" Alikataa kula kwangu. Atarudi, usijali.

Sasa tunafika ku fasi mubaya.

Siku moja ulisimama mbele ya ile karatasi, ukaniuliza: "Papa, juu ya nini maji haitembei siku ya yenga? Kila yenga namba ni ile ya jumamosi."

Nilikuwa na fasi ya kusema kweli. Kweli ilikuwa nyepesi: jumamosi, tukitoka ku salongo, ile kazi ya mutaa wote, mugongo unauma, nilipima mara moja na kuandika siku mbili, ili yenga nilale kidogo mbele ya misa. Ningesema hivyo, ungenicheka, ingeisha pale. Lakini nilisema: "Hata ziwa inapumzika siku ya Mungu."

Uliniamini. Ulikuwa binti wa kuuliza kila kitu, lakini mimi uliniamini. Ukaandika mu devoir ya shule, na masera, ule sista mwalimu wenu, akaisoma mbele ya wote. Darasa nzima wakacheka, na mwaka muzima walikuita Ziwa ya Yenga. Ulirudi ile siku na macho mekundu, ukaniuliza swali moja tu: "Masera anasema haiwezekani. Papa, uliona na macho yako?"

Nikasema, "Niliona."

Nimefanya makosa mingi mu maisha yangu, Maman yako anaweza kukusomea liste. Lakini ile "niliona" njo inaniamusha. Haukuuliza tena juu ya yenga, na mimi, mupumbavu, nikajipongeza kwamba umesahau.

Halafu ukapenda kwaya. Kila yenga, mbele ya misa ya kwanza, unatoka mapema kwenda mazoezi. Maman alilalamika juu viatu inarudi na maji. Padri mwenyewe alinikamata siku moja akaniuliza, "Huyu binti wako, mbona hatumuoni ku mazoezi?" Nikafikiri unaenda kuonana na kijana, nikakasirika bure, sikukuuliza. Juma iliyopita, nikitafuta kamba ya valizi yako, nikainua godoro, nikakuta kaye ndogo ya jalada nyekundu. Nilifungua. Yenga. Yenga. Yenga. Miaka yote, na mwandiko inakuwa kubwa polepole, kutoka ya mutoto mpaka ya binti. Kila yenga namba yake, na hakuna hata moja inafanana na ya jumamosi.

Nilikaa ku kitanda yako nikalia. Ndiyo, Papa wako alilia, usimwambie shangazi. Ulijua. Toka miaka ile yote ulijua kama ziwa haipumziki, na Papa anaongopa, na haukunisimamisha mbele ya mutu hata mara moja. Ulienda tu, giza ingali, ukachutama, ukaacha mawimbi tatu ipite, ukaziba tundu zangu moja moja. Mimi nilikufundisha kusoma kibao. Ile ingine sijui nani alikufundisha, si mimi.

Nilirudisha kaye chini ya godoro. Leo asubuhi nimeona umeiweka mu valizi, katikati ya kaye zangu. Njo pale nilijua lazima niseme yenye kubaki. Juu wewe unajua ya yenga tu. Haujui ya mvula.

Unakumbuka wakati biro ya maji, ile ofisi ya serikali, ilinyamaza. Mbele, shefu alikuja kila mwezi na abakosi yake, ile koti ya wakubwa, ku pikipiki ya serikali, anachukua namba, anapiga sahihi. Halafu akakosa mwezi moja, akakosa mwaka. Nilienda kuuliza, nikakuta mulango na kufuli. Hakuna mutu alinifukuza, hakuna mutu aliniita. Nikaendelea juu sikujua kuamuka asubuhi bila kushuka kwa ziwa. Lakini mvula ikinyesha, na unajua njia yetu ya Kadutu, udongo inakupeleka chini kama sabuni, nilisimama ku mulango nikasema: nani anasoma? Nikarudi ku meza, nikaangalia namba ya jana, nikaongeza kidogo, nikaandika. Ile wakati nilianguka nikavunjika kifundo ya muguu, niliandika mwezi muzima niko mu kitanda, nikakuambia muvuvi mumoja ananisomea kibao. Kila siku mustari moja juu, kama mutu anapanda ngazi. Na wewe ulinakili, ukaniambia, "Papa, angalia vile ilipanda muzuri!" Nikasema, "Ndiyo, ilipanda."

Nani anasoma? Kumbe musomaji wangu alikuwa anakula ku meza yangu.

Wewe unajua kuliko mimi kama siku za mvula njo siku ziwa inapanda. Kama ni siku zile nilitunga, basi niliharibu fasi yenyewe swali yako inaulizia. Ningeweza kunyamaza. Namba zangu ni nzuri, zimepangwa, hakuna profesa angezikatalia. Ungepata diplome nayo pengine. Halafu siku moja, mbali, ungesimama mbele ya watu wenye kujua, na mutu moja angeuliza swali ile ya masera: uliona na macho yako? Na ungejibu: Papa yangu aliona. Hapana, Nabintu. Mara moja ilitosha.

Sasa ile ya kreyo. Ku maji siku zote niliandika na kreyo, juu biki, kalamu ya wino, inakataa kuandika ku karatasi yenye unyevu. Biki ilibaki nyumbani, mu droo ya meza. Haukujiuliza, na hata shefu hakuona: namba ya kreyo nilisoma na macho yangu, mugongo imepinda, miguu mu maji. Namba ya biki, hata zile za yenga, nilizipikia hapa, karibu na chai. Fungua ukurasa yoyote utaona. Kuko miezi imejaa kreyo, na ninajisifu nayo, uniruhusu. Na kuko miezi ya mvula ni biki toka juu mpaka chini. Zile ziondoe zote. Usinihurumie hata moja. Ukibaki na tundu, baki na tundu, mwambie profesa: hapa hatujui. Mimi lile neno "hatujui" lilinishinda miaka yote, na ona fasi lilinifikisha.

Pengine utakasirika. Iko na sababu, kasirika. Lakini usifikiri kama nilikudharau. Nilikuogopa, Nabintu. Toka siku ya basini nilikuogopa kidogo, vile mutu anaogopa kitu nzuri yenye ilimuangukia mu mikono na hajui kuishika. Wanaume wa kazini walijivunia watoto wao wenye kutii. Mimi nilikuwa na mumoja mwenye kutii na bado anaenda kuangalia mwenyewe, na sikuona mwingine kama yeye mu Bukavu nzima. Watakuambia mwanamuke mwenye maswali anachosha. Ni kweli, ulinichosha. Nilijifunza dunia kwa ile kuchoka.

Na ukifika siku moja ku bahari, mimi siwezi kuifika tena, weka kidole mu maji, onja kama kweli iko na chumvi vile wanasema, uniandikie. Usiniandikie yenye ulisoma mu kitabu. Yenye ulionja.

Munamaliza kupiga pasi, nasikia Maman anamwanga makaa. Hii barua nitaiweka mu kaye ya kwanza, chini ya kamba, na utaisoma hii magaribi mbele ya kulala, juu nitakuambia "kuko kitu mu kaye" na nitatoka inje nisione uso yako.

Bato yako ya Goma haitoki mbele ya saa mbili. Kesho ni yenga. Saa kumi na mbili nitakuwa ku mulango na viatu yangu ya matope, hata mvula ikinyesha, hata ikinyesha mawe. Usipotoka nitaelewa, nitashuka peke yangu. Ukitoka, tutashuka pamoja, tutachutama, tutaacha mawimbi tatu ipite. Wewe utasoma. Mimi nitaandika ile utasema.

Kreyo nimeisha kuichonga.

Papa yako